Je, Motere Ilishachemka?

Lubumbashi, 12 Februari 2023

Tonton Adalbert,

Jambo tonton, na jambo kwa wote wa nyumbani. Mimi niko muzima, ni joto la Lubum tu linanimaliza. Maman Pascaline, mubebaji wetu wa barua na mizigo, alinifikishia sambaza, samaki wetu wadogo wakavu. Nusu zilivunjika mu ndege, tukazila hivyo hivyo, na wenzangu wa chumba wakasema ziwa lenu linanuka. Niliwajibu kwamba wao ziwa hawana, wanyamaze. Goti la mama linaendeleaje? Mu simu anasema limepona, halafu namsikia anashika ukuta. Na Aurore wako, nasikia ameacha shule ya manesi, sasa anafanya kazi kwako mu garaji. Mama anasema anakalia kiti changu.

Kiti changu ndicho nataka kukiongelea.

Mwaka huu ni wa TFC, kazi ya kumaliza masomo. Prof Bruno, yule wa mashine, amesema kila mwanafunzi atafute bloki ya motere ya nguvu, yaani ule mwili wa injini wenye silinda, ya gari la mashindano kama inawezekana, aitengeneze upya tangu chuma tupu mpaka iwake. Tarehe ishirini Juni motere itafungwa kwenye banki ya majaribio, ile meza ya chuma ya kupimia motere, itakimbia masaa mawili, turbo imejaa, juri ikiangalia. Wenzangu wametafutiwa na baba zao. Mimi nina wewe, mjomba wangu. Naomba ile bloki ya Celica, ile uliyoifunika gunia chini ya meza, niliyokuwa naikalia tangu darasa la pili nikila mihogo.

Kuna fishi, karatasi ya maswali, ya kujaza. Swali la sita linasema: je, motere ilishachemka, au bloki ilishapasuka? Kama ndiyo, lazima bloki ipimwe na hewa kwanza. Kama hapana, inaendelea moja kwa moja. Niandikie historia yake, tonton. Kila mara ulisema tu kwamba ilikuwa ya Papa Hugues wa Mudaka.

Mutoto wako,
Chancelle


Bukavu, 4 Machi 2023

Chancelle mutoto wangu,

Barua yako imechukua wiki tatu kwa sababu Maman Pascaline alipitia kwanza kwenye ndoa ya dada yake, akacheza, akasahau sakoshi ya barua. Sisi tuko. Mvua imekula tena ukuta wa nyuma. Nimeupigilia mabati, sasa unafanana na mimi: umesimama, lakini usiuegemee. Goti la mama yako limevimba, ila mu kwaya anasimama misa nzima ili jirani yake asimchukulie nafasi ya mbele. Sisi watu wa ukoo huu, wivu unatutibu magoti.

Barua nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nikasimama hapo uliposema «Prof Bruno, yule wa mashine». Sasa mimi ni yule wa nini? Yule wa nyundo? Nani alikufundisha kusikia valvu iliyolegea ukiwa na miaka tisa? Lakini sawa. Yeye ana mashine, mimi nina ukucha. Bado napima silinda na ukucha wa kidole gumba, na siku nikikata kucha garaji inafungwa.

Kiti, ndiyo, Aurore anakikalia. Na nikwambie, ana mukono muzuri huyo. Juzi alifungua kichwa cha Land Cruiser bila kupoteza bulon hata moja, skrubu zote ziko. Wewe siku yako ya kwanza ulipoteza nne, mbili nikazikuta mu sufuria ya maharagi.

Nilitaka kukunyima bloki. Nilisema ni kumbukumbu. Aurore akauliza, «Kumbukumbu ya nini, papa?» Nikamtuma akanunue mukate.

Basi chukua. Tumeifunga mu gunia mbili na tairi kuukuu, na wabebaji wa uwanja wa ndege wa Kavumu wamenitukana kwa Mashi, lugha yetu, mpaka nikajisikia nyumbani. Historia yake: ni Celica ya mwaka tisini, Hugues aliiendesha, ikasimama, nikaichukua. Ni nzima. Mwambie Prof Bruno mimi nimesema ni nzima.

Aurore sasa anakalia bidon tupu la mafuta, na amenuna.

Tonton wako,
Adalbert


Bukavu, 6 Machi 2023 (haikutumwa wakati huo)

Chancelle,

Bloki imepanda ndege juzi, na tangu juzi naandika barua hii kichwani.

Ilichemka. Ilikuwa Agosti 2004, siku ya ndoa ya kaka yake Hugues, Celica ikiwa mbele ya msafara kuelekea Kavumu. Ilichemka, wakaimwagia maji baridi, ikapasuka: ufa wa kama sentimita kumi na tatu ubavuni, hapo maji yanapopita kati ya silinda ya pili na ya tatu. Mutaa wote unajua kwamba Hugues aliichoma kwa kuendesha kama kichaa. Hugues mwenyewe anajua hivyo. Lakini asubuhi ile mimi nilikuwa nimefungua mupira wa maji wa radiatere, nikauziba na kitambaa ili vumbi lisiingie, kama tunavyofanya mafundi wote hapa. Nikaurudishia na kitambaa ndani. Nilikikuta jioni, nikakitupa mu moto wa jiko. Hugues alikuwa amekaa pale, kichwa mu mikono. Akasema, «Adalbert, nimeiua gari.» Mimi nikasema, «Pole.»

Halafu nikaushona ufa. Unatoboa tundu, unalikata meno ya bulon, unakaza kipande cha chuma chenye meno, unakikata. Tundu linalofuata linakula kidogo upande wa kile cha kwanza ili vishikane, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Vipande ishirini na tatu, kwa mukono, wiki tano. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya maishani, na niliifunika rangi, kwa sababu mutu akiiona atauliza nani aliipasua. Sijawahi kuiwasha.

Sasa inaenda kwa mutu wa mashine, na nitakwambia ukweli wenye haya: nataka aitazame asione kitu. Nataka mashine zake zote zipite juu ya kazi yangu zikisema nzima, nzima, nzima. Miaka kumi na tisa nimengojea mutu anayeijua kazi. Sasa amepatikana, na kumbe ndiye aliyenichukulia mutoto.

Lakini ikipasuka mbele ya juri, anayeanguka siye yeye. Ni wewe.

Kesho nitampa Pascaline barua hii.

A.


Lubumbashi, 16 Aprili 2023

Tonton,

Pasaka ilikuwa nzuri, tulikula kuku wa juma zima kwa siku moja. Mwambie mama nimepokea rozari, na ile ndoto mbaya anayosema ameniotea, najua hakuiota, anataka tu nisali. Barua yako ya tarehe nne Machi ilifika pamoja na bloki. Wabebaji wa hapa pia walitukana, lakini kwa Kibemba, sikuelewa, ikapita.

Niliiosha mwenyewe siku nzima mu pipa la soda ya moto, ile dawa inayokula grisi na rangi. Prof Bruno alikuwa Likasi, nilikuwa peke yangu. Rangi yote ya zamani ilitoka. Kabla hajarudi nilipaka nyingine, ya kijivu, ubavu wote.

Kisha silinda. Tumezipanua kutoka milimita 86 mpaka 86 na nusu. Tonton, ungeona! Chuma kinatoka laini kama unga wa muhogo, na mashine haipigi kelele, inanong'ona. Kabla ya kupanua tunafunga juu ya bloki sahani nzito ya chuma, tunaikaza kama kichwa cha motere, ili bloki ijikunje sasa jinsi itakavyojikunja siku ya kazi, na silinda zitoke duara kweli. Sikuwahi kuwaza kwamba chuma kinajikunja. Mwisho tunazisugua kwa mawe mpaka zibaki na mistari ya kupishana kama mukeka, ile inayoshika mafuta. Prof Bruno anasema mukono wangu una subira. Nilimwambia subira niliipata kwa kukungojea wewe utoke kwenye pombe ya kasiksi.

Anasema pia kwamba mutu akipima na ukucha, anachopima ni ukucha.

Nimefurahi kwa ajili ya Aurore na Land Cruiser yake. Bila shaka umeshamwonyesha mambo mengi. Labda hata yale ambayo mimi hukunionyesha.

Swali la sita bado liko tupu. «Ni nzima» siyo historia, tonton. Fishi inafungwa tarehe kumi Juni.

Chancelle


Bukavu, 9 Mei 2023

Chancelle mutoto wangu,

Sote tunapumua. Ukuta wa mabati umesimama. Mama yako ameshinda vita ya kwaya: jirani amehamia sauti ya pili. Mimi nimekata kucha kwa hasira baada ya kusoma maneno ya Prof wako, na garaji haikufungwa, jambo ambalo limeniumiza zaidi.

Pale uliposema rangi yote ilitoka, nilikuwa nasoma nimesimama. Nikakaa kwenye bidon la Aurore. Kisha nikasoma kwamba umepaka kijivu. Kijivu ni rangi nzuri.

Nimefikiria hayo masaa mawili. Ni mengi. Mwombe Prof Bruno iwe saa moja, na turbo nusu. Siyo kwa sababu ya kitu chochote. Ni umri tu. Mimi pia mukiniwasha masaa mawili nimejaa, mutaokota vipande mpaka mutaa wa Panzi.

Habari ya Aurore, sikia: ana mukono, lakini hana sikio. Nilikusifia mukono wake ili uone wivu. Uliona? Vizuri. Mimi niko nao tangu Februari na nilikuwa nausikia peke yangu. Mutoto nimemlea mu grisi, anakwenda mwaka wa tatu, anarudi ananifundisha kwamba chuma kinajikunja! Miaka thelathini niko na chuma, hakikuwahi kuniambia.

Swali la sita nitakuandikia vizuri nikipata nafasi. Wiki hii kuna matope, kuna mazishi kwa jirani, kuna lori la mutu wa Uvira limenilalia mulangoni.

Kula vizuri.

Adalbert


Lubumbashi, 27 Mei 2023

Tonton,

Salamu kwa wote. Barua yako ilifika.

Uliniita mu simu Jumanne, ukauliza kama mvua inanyesha. Hapa mvua iliisha Aprili. Uliniita tena Alhamisi, ukauliza kama ninakula, ukakata kabla sijajibu. Mimi pia sikukuuliza. Niliogopa utanijibu uongo kwa sauti yako, na sauti hiyo ningebaki nayo.

Tarehe kumi nitajaza fishi. Kama sina neno lako, nitaandika «hapana», nitatia sahihi jina langu, na bloki itaenda kwenye banki bila kupimwa na hewa. Siwezi kuandika juu ya tonton wangu jambo ambalo tonton wangu hakulisema.

Chancelle


Bukavu, 7 Juni 2023

Chancelle,

Leo nisamehe, salamu zitakuwa fupi: wazima, wote.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya tarehe sita Machi. Isome kwanza, halafu urudi hapa.

Umerudi? Basi sasa unamjua tonton wako. Mama yako pia amesoma. Alinipakulia bugali kidogo sana.

Nisingeweza kukutumia historia ya bloki wakati mwenye gari hana habari nayo. Kwa hiyo jana nilipanda Mudaka. Hugues siku hizi analima vitunguu. Nilimkuta shambani na mke wake, Maman Christine. Tangu ndoa ile ya kaka yake ni Christine anayeendesha gari, na Hugues anakaa kando na kushika kuku. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kati ya vitunguu, kofia mukononi. Hugues aling'oa kitunguu kimoja. Kisha:

«Kitambaa cha rangi gani?»

«Chekundu.»

«Chekundu,» akasema. «Miaka kumi na tisa, Adalbert. Mutu akinikuta nimeshika usukani hata wa toroli la mbao, anafanya ishara ya msalaba.»

Akanitaka niseme tena, polepole, mbele ya Christine. Nikasema tena. Christine akapangusa jembe, akasema: «Nimesikia. Lakini funguo nabaki nazo.» Hugues hakunipa mukono. Nilishuka na muguu mpaka barabarani.

Kwa hiyo swali la sita: ndiyo, ilichemka. Ndiyo, ilipasuka. Aliyesababisha ni Adalbert, aliyeishona ni Adalbert, aliyenyamaza ni Adalbert. Ipimeni. Aurore alitaka kukuita mu simu tangu jana, nikamkatalia. Sauti yangu ikifika hapo inauliza habari ya mvua, na ya Aurore siyo yangu. Pascaline hasafiri wiki hii. Barua nampelekea sista mumoja pale uwanja wa Kavumu, anaruka kesho. Ana uso wa mutu asiyepitia ndoa. Itakufikia kabla ya tarehe kumi.

Adalbert


Lubumbashi, 22 Juni 2023

Tonton,

Salamu kwa mama, kwa Aurore, na kwako.

Sista alipitia Kalemie kwanza, kuna mwenzake mugonjwa. Barua ilifika tarehe kumi na tatu. Tarehe kumi nilikuwa nimeandika «hapana».

Vipande vyako niliviona siku ile ya pipa la soda. Vilijipanga kama meno. Nilivihesabu, nikavipitisha kidole, nikajua ni mukono wako, maana hakuna mutu mwingine anayesawazisha chuma kwa kuzunguka kushoto. Nikapaka rangi ili Prof Bruno asikuone kabla wewe hujasema. Nilijiambia: kama tonton anasema ni nzima, ni nzima. Na nilijiambia pia, kwa hasira, kwamba bila shaka Aurore alishaonyeshwa zamani.

Nilimpelekea Prof Bruno barua zako zote mbili, nikaomba fishi yangu. Alisoma. Hapo alipoandikiwa kwamba amekuchukulia mutoto, alivaa miwani akasoma tena. Tukaziba matundu yote ya maji, tukaingiza hewa, tukaizamisha mu beseni ya maji ya moto. Vipande ishirini na viwili, kimya. Cha kumi na tisa kilitoa mapovu, madogo, mfululizo. Prof anasema kwa masaa mawili na turbo imejaa, ufa ungefunguka wote.

Fishi ya uongo ni fishi ya uongo. Wameniondoa kwenye majaribio ya Juni, nimepelekwa sesioni ya pili, mutihani wa marudio, Septemba. Juzi wenzangu waliwasha motere zao, mimi niliwashikia mipira ya maji. Nina hasira na wewe, tonton. Nakuandikia nikiwa nayo.

Lakini nikuambie na hili. Prof Bruno alivikagua vipande vyako na lensi, kimoja kimoja, akauliza nani alikufundisha. Nikasema hakuna. Akasema yeye hajawahi kufunga ufa murefu namna hiyo bila mashine. Kisha akawa mubaya siku nzima, akamfokea hata mulinzi.

Amesema atakitoa kile cha kumi na tisa, atakishona upya mwenyewe. Nimemkatalia. Nitakishona mimi. Niandikie kazi hiyo inafanywaje, tangu mwanzo, usifiche kitu.

Chancelle


Bukavu, 10 Julai 2023

Chancelle,

Mama yako anakusalimu, goti lake pia. Sina cha kuomba juu ya Juni. Nilikuharibia, na ulishika mipira ya maji ya wengine. Naiona picha hiyo kila nikifunga mupira wowote.

Cha kumi na tisa nakijua. Siku ile Hugues alipita na ndizi, kunishukuru jinsi ninavyohangaikia gari yake. Alipoondoka nikaendelea na kazi, na mukono haukuwa wangu.

Kazi ni hii. Toboa kipande cha zamani chote, pole, ukienda namba moja juu, tundu liwe pana kidogo. Mafuta mengi. Kata meno robo mzunguko mbele, nusu nyuma, utoe vumbi la chuma, usiwe na haraka hata kama Prof anakuangalia. Kipande kipya kikate shingo kidogo na musumeno kabla hujakiingiza. Kitakaza, kitakaza, kisha shingo itavunjika yenyewe, na hapo ndipo kimeshika. Gonga kilichobaki juu na nyundo ndogo, mara nyingi, kidogo kidogo. Mwisho sawazisha.

Aurore amesoma juu ya bega langu. Akasema, «Papa, mimi hukuwahi kuniambia hayo.» Ni kweli. Sikumwambia yeye, sikukuambia wewe, nilitaka niwe peke yangu ninayejua. Jana nimemwanzisha kwenye bloki mbovu ya Hiace. Usione wivu. Au ona kidogo.

Adalbert


Bukavu, 5 Oktoba 2023

Chancelle mutoto wangu,

Sote wazima, na mara hii nasema bila kuficha mugonjwa nyuma ya mulango. Mvua zimerudi. Mama yako amesimama mu kwaya akatangazia paroisi nzima: motere ya mutoto wangu, masaa mawili na dakika sita, turbo imejaa, hata tone moja! Padri alidhani ni ushuhuda wa kupona ugonjwa, akampigia makofi.

Fishi yako umefanya vizuri kuniletea nakala. Swali la sita lina majibu marefu kuliko yote, na jina langu liko mara tatu. Nimemsomea Hugues. Alishuka juzi, Christine akiendesha. Alikunywa chai, hakuimaliza, na wakati wa kuondoka aliniuliza kama ninaweza kumtazamia breki. Nikasema lete. Christine akasema italetwa na yeye.

Picha ya ubavu wa bloki uliyonitumia nimeiweka juu ya meza ya kazi. Nilihesabu kutoka kushoto mpaka kumi na tisa. Nilichukua lensi ya fundi saa wa jirani, nikatafuta kosa lako siku mbili, Chancelle, nikilitamani kweli, nikala bila kusikia chumvi. Aurore akaja akatazama, akasema, «Papa, hicho kimoja ni kizuri kuliko vyote.» Nilimjibu kwamba ni mwanga wa picha. Leo nimeitoa picha nje, kwenye jua. Siyo mwanga.

Vyangu vyote vina kovu pale shingo ilipovunjika, hata vile vizuri. Chako hakina. Nimejaribu asubuhi hii kwenye bloki ya Hiace, mara tatu, na kovu liko pale pale.

Umefanyaje?

Tonton wako,
Adalbert